Sauti ya Bomba la Moshi: Je, Kelele Ni Nguvu?

Watanzania wengi wasikiapo neno Ulaya hufikiri juu ya nchi za ng'ambo. Lakini katika Wilaya ya Kilosa, Mkoa wa Morogoro, iko Ulaya nyingine, upande wa kusini wa mji wa Kilosa, katika njia iendayo Mikumi. Ulaya hii haitengenezi magari ya mashindano. Hata hivyo swali linalowasumbua wapenzi wa magari hayo katika miji mikubwa ya dunia huulizwa pia na vijana wa vijiji kama hivi: chombo cha moto kitafanywaje kitoe sauti kubwa zaidi katika bomba lake la moshi?

Katika barabara za vijijini chombo chenyewe aghalabu ni pikipiki ya abiria, yenye silinda moja ya ujazo wa sentimita za ujazo 125 au 150. Kijana hulifungua bomba, hutoa matumbo ya sailensa au huikata kabisa, na tangu siku hiyo hutangulia kusikika kabla ya kuonekana. Akiulizwa sababu, hutoa jibu moja kati ya mawili: ama kwamba mlio mkubwa unapendeza, ama kwamba injini sasa ina nguvu zaidi kwa kuwa inapumua.

Jibu la kwanza ni la hisi, wala fizikia haina uwezo wa kumwamuru mtu apende nini. Jibu la pili ni dai la kisayansi, na kila dai la kisayansi hupimwa. Makala haya yanaeleza sauti ya bomba la moshi inatoka wapi, sailensa inafanyaje kazi, wahandisi wa magari ya mashindano wanaibadilishaje sauti hiyo, na gharama yake hulipwa na nani. Hesabu zilizomo zinaweza kufanywa na mwanafunzi wa kidato cha tatu au cha nne.

Mlio unakozaliwa

Injini ya petroli ya kawaida hufanya kazi kwa mapigo manne: kuvuta, kukandamiza, kusukuma na kutoa. Katika pigo la tatu mchanganyiko wa petroli na hewa huwaka na kuisukuma pistoni chini. Kabla pistoni haijafika mwisho wa safari yake, valvu ya kutoa moshi hufunguka. Wakati huo gesi iliyomo ndani ya silinda bado ina kanieneo kubwa. Injini ikifanya kazi nzito, kanieneo hiyo huweza kuwa mara 3 hadi 5 ya ile ya angahewa.

Msomaji na akumbuke kizibo cha chupa ya soda. Kizibo kinapong'olewa, gesi hutoka kwa kishindo, ingawa hakuna kitu kilicholipuka. Ndivyo ilivyo kwa valvu. Mlango mdogo hufunguka ghafla, gesi iliyosongwa hupasua njia, na hewa iliyokuwa imetulia ndani ya bomba hupigwa teke. Teke hilo husafiri bombani kama wimbi la msongo. Likifika mwisho wa bomba hutoka nje, na sikio hulipokea kama mpwito mmoja wa sauti.

Kwa hiyo mambo mawili yatenganishwe tangu mwanzo. Gesi yenyewe husafiri bombani kwa mwendo wake. Wimbi la sauti husafiri ndani ya gesi hiyo kwa mwendo mwingine, ulio mkubwa zaidi. Sailensa njema ni ile inayoiruhusu gesi ipite na kulizuia wimbi lisipite. Siri yote ya ufundi huu imo katika tofauti hiyo.

Hesabu ya mapigo

Katika injini ya mapigo manne kila silinda hutoa moshi mara moja katika mizunguko miwili ya mhimili mkuu. Ikiwa injini inazunguka mara N kwa dakika na ina silinda S, idadi ya mipwito kwa sekunde hupatikana hivi:

f = N × S ÷ 120

Pikipiki ya silinda moja iliyosimama huku injini ikizunguka mara 1,500 kwa dakika hutoa mipwito 12.5 kwa sekunde. Mipwito hiyo ni michache mno kuungana kuwa sauti moja, na ndiyo maana sikio huyatambua mapigo yenyewe, moja baada ya jingine. Pikipiki hiyo ikikimbizwa hadi mizunguko 6,000, mipwito huwa 50 kwa sekunde, yaani hezi 50, na sikio husikia mvumo mzito. Gari la silinda nne kwa mizunguko hiyo hiyo 6,000 hutoa hezi 200, na sauti yake ni nyembamba zaidi.

Lakini mpwito wa moshi si wimbi laini kama la uma wa sauti. Una ukingo mkali, kwa sababu valvu hufunguka haraka. Wimbi lenye ukingo mkali huwa limebeba pamoja na sauti yake ya msingi sauti nyingine zilizo maradufu yake, mara tatu, mara nne na kuendelea. Sauti hizo za juu ndizo zinazokwaruza masikio. Sailensa ikiondolewa, kinachoongezeka si ngurumo nzito peke yake, bali pia mkwaruzo huo.

Kwa nini injini mbili hazilii sawa

Mwaka 1953 yalianzishwa mashindano ya magari yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika, ambayo baadaye yalijulikana kama Safari Rally. Waliosimama kando ya barabara miaka mingi iliyofuata walijifunza kuyatambua magari kwa sauti kabla vumbi halijaonekana. Datsun 240Z, iliyoshinda mwaka 1971 na 1973, ilikuwa na silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, na mipwito yake ilifuatana kwa nafasi zilizo sawa. Subaru Impreza, iliyoshinda mwaka 1997 na 2000, ilikuwa na silinda nne tu, mbili zikilala kila upande, lakini ilinguruma kwa namna ya kudundadunda ambayo hata leo wapenzi wake huitambua kwa mbali.

Sababu ya mdundo huo si nguvu za injini, bali ni urefu wa mabomba. Katika injini hiyo silinda mbili za upande mmoja huwaka zikifuatana, kisha mbili za upande wa pili nazo huwaka zikifuatana. Mabomba ya upande mmoja yalikuwa na safari ndefu zaidi kufika mahali yanapokutana na ya upande wa pili. Ingawa silinda zenyewe ziliwaka kwa nafasi sawa, mipwito ya upande mmoja ilichelewa kufika. Matokeo yake ni kwamba mfuatano wa sauti haukujirudia kwa kila mpwito, bali kwa kila mipwito minne.

Injini hiyo ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, mipwito yake ni hezi 100. Lakini mfuatano mzima hujirudia mara 25 kwa sekunde, hivyo sikio hupokea pia sauti za hezi 25, 50 na 75. Hizo ndizo zinazoupa mlio uzito wake. Mabomba yakifanywa kuwa ya urefu sawa, mdundo hupotea, ingawa injini haijapungukiwa na kitu. Hapa msomaji anapata fundisho la kwanza: tabia ya sauti na nguvu za injini ni vitu viwili.

Kazi ya sailensa

Hataza ya mapema ya sailensa ya injini za moto ilitolewa Marekani mwaka 1897 kwa Milton Reeves na Marshall Reeves. Tangu wakati huo maumbo yamebadilika sana, lakini mbinu za msingi zimebaki tatu.

Mbinu ya kwanza ni chumba cha kutanukia. Bomba jembamba huingia ghafla katika chumba kipana, kisha hutoka tena kama bomba jembamba. Wimbi la sauti linapofika mahali njia inapopanuka ghafla, sehemu yake hurudishwa nyuma, kama mwangwi unavyorudishwa na ukuta. Linapofika mahali njia inapobanwa tena, sehemu nyingine hurudishwa. Mawimbi yanayorudi hupambana na yanayokuja, na sauti inayotoka nje huwa imepungua.

Ichukuliwe sailensa ya mfano yenye bomba la kipenyo cha sentimita 3 na chumba cha kipenyo cha sentimita 12. Eneo la chumba ni mara 16 ya eneo la bomba. Chumba kama hicho huweza kupunguza sauti kwa desibeli zipatazo 18. Lakini hufanya hivyo vizuri kabisa tu pale urefu wake unapokuwa robo ya urefu wa wimbi. Urefu wake ukilingana na nusu ya urefu wa wimbi, sauti hupita kana kwamba chumba hakipo.

Kasi ya sauti katika gesi huongezeka kadiri gesi inavyopata joto. Kwa hewa inakadiriwa kwa kuzidisha 20.05 na kipeuo cha pili cha halijoto katika kelvini. Katika nyuzi 20 za Selsiasi, yaani kelvini 293, kasi ni mita 343 kwa sekunde. Katika nyuzi 300, yaani kelvini 573, kasi ni mita 480 kwa sekunde. Ikiwa chumba kina urefu wa sentimita 35, wimbi linalozuiwa vizuri zaidi ni la urefu wa mita 1.4, na frikwensi yake ni 480 ÷ 1.4, yaani hezi 343 hivi. Sauti ya hezi 686 itapenya. Ndiyo sababu sailensa ya kiwandani haina chumba kimoja, bali vyumba viwili au vitatu vya urefu tofauti: kinachopenya cha kwanza hunaswa na cha pili.

Mbinu ya pili ni chumba cha kuitikia, ambacho huhusishwa na jina la mwanasayansi Mjerumani Hermann von Helmholtz (1821–1894). Mtu akipuliza juu ya mdomo wa chupa tupu, chupa hulia sauti moja tu. Hewa iliyo shingoni hutenda kama uzito, na hewa iliyo tumboni hutenda kama springi. Chumba cha namna hiyo kikiunganishwa ubavuni mwa bomba la moshi, huitikia sauti moja iliyochaguliwa na kuimeza, huku zikibaki nyingine. Watengenezaji wa magari hukitumia kuondoa mvumo mmoja unaochosha abiria katika mwendo wa safari.

Mbinu ya tatu ni kunyonya. Moshi hupita katika bomba lililonyooka lenye matundu mengi madogo, na kulizunguka bomba hilo kumeshindiliwa pamba ya kioo au nyuzi nyingine zisizoungua. Wimbi hupenya matunduni, hewa husuguana na nyuzi, na nguvu ya sauti hugeuka kuwa joto. Mbinu hii hukamata vizuri sauti za juu zenye kukwaruza, lakini sauti nzito huiponyoka.

Jinsi sauti inavyoongezwa

Mwanafunzi aliyefuata maelezo hayo anaweza sasa kukisia mwenyewe jinsi gari la mashindano linavyopewa mlio mkubwa. Fundi huondoa sailensa ya vyumba na kuweka ya kunyonya iliyonyooka: mkwaruzo hubaki umenyonywa, lakini ngurumo nzito hupita. Au huondoa chumba cha kuitikia, na mvumo uliokuwa umemezwa hurejea. Au huongeza kipenyo cha bomba, na sauti hushuka na kuwa nzito. Au huchagua mabomba ya urefu usio sawa ili kupata mdundo. Baadhi ya magari ya siku hizi yana mlango mdogo ndani ya bomba: ukifunguliwa, moshi hupita njia ya mkato, ukifungwa, hupita katika sailensa kamili.

Kazi hizo zote hufanywa kwa hesabu na vipimo. Kukata bomba kwa msumeno hakumo katika orodha hiyo. Msumeno hauchagui sauti: huacha zote zitoke, zile nzito na zile za kukwaruza kwa pamoja.

Jambo moja halina budi kutajwa kwa mkazo. Magari mengi ya kisasa yana, kabla ya sailensa, chombo chenye madini ya platinamu, paladi au rodi ambacho hugeuza gesi za sumu kuwa gesi zisizo na madhara makubwa. Wengine hukitoa ili kuongeza mlio. Anayefanya hivyo hageuzi sauti peke yake, bali huirudisha hewani gesi ya monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua. Na bomba lililokatwa chini ya sakafu ya gari badala ya nyuma yake huweza kuiingiza gesi hiyo ndani ya gari lenyewe.

Je, kelele ni nguvu?

Dai la kwamba mlio mkubwa ni ishara ya nguvu nyingi linaweza kupimwa kwa kalamu na karatasi. Ichukuliwe pikipiki isiyo na sailensa inayotoa sauti ya desibeli 100 umbali wa mita 1. Kipimo cha desibeli 100 maana yake ni wati 0.01 kwa kila mita ya mraba. Duara kamili kama mpira, lenye nusu kipenyo cha mita 1, lina eneo la mita za mraba 12.6. Kwa hiyo nguvu yote ya sauti ni 0.01 × 12.6, yaani wati 0.126.

Injini ya pikipiki hiyo inaweza kutoa wati zipatazo 8,000. Gawanya 8,000 kwa 0.126: sauti ni sehemu moja tu kati ya sehemu zaidi ya 63,000. Sauti inayoamsha kijiji kizima haina nguvu ya kuwasha hata taa ndogo ya tochi. Kelele si nguvu iliyofunguliwa, bali ni uvujaji mdogo mno ambao sikio la binadamu, kwa wepesi wake wa kuhisi, huuona kuwa mkubwa.

Mtetezi wa bomba wazi atajibu kwamba hakudai sauti yenyewe kuwa ni nguvu. Alidai kwamba injini inapumua vizuri zaidi. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Sailensa iliyoziba kwa masizi au iliyobonyea huikaba injini kwa kweli, na injini kubwa inayoendeshwa kwa kasi ya juu hufaidika na bomba pana. Lakini kwa injini ndogo yapo mambo mawili yanayokwenda kinyume.

La kwanza ni wimbi linalorudi. Wimbi la msongo linapofika mwisho wa bomba ulio wazi, sehemu yake hurudi ndani likiwa limegeuka kuwa wimbi la mlegeo, yaani la kanieneo ndogo. Wimbi hilo likifika kwenye silinda wakati ambapo valvu ya kutoa haijafungwa na ya kuingiza imeanza kufunguka, huufyonza moshi uliobaki na kuvuta mchanganyiko mpya. Ni msaada wa bure. Likifika wakati mwingine, msaada haupatikani.

Hebu ifanywe hesabu. Injini izunguke mara 6,000 kwa dakika, yaani nyuzi 36,000 kwa sekunde. Tuseme kwamba tangu valvu ya kutoa ifunguke hadi wakati unaotakiwa zinapita nyuzi 230. Muda wake ni 230 ÷ 36,000, yaani sekunde 0.0064. Katika moshi wa nyuzi 500 za Selsiasi kasi ya sauti ni mita 557 kwa sekunde, hivyo wimbi litasafiri mita 3.56 kwenda na kurudi. Bomba linalofaa kwa mwendo huo ni la mita 1.8 hivi. Bomba lililokatwa na kubaki nusu mita hulirudisha wimbi baada ya sekunde 0.0018 tu, mapema mno. Hesabu hii ni ya kukadiria, kwa maana moshi hupoa njiani na sailensa nayo hurudisha mawimbi mahali mbalimbali. Lakini inaonyesha kwa nini urefu wa bomba haukuwekwa kiwandani kwa kubahatisha.

La pili ni kabureta. Kiasi cha petroli kinachopimwa na kabureta kilichaguliwa pamoja na bomba lake. Bomba likibadilishwa, hewa ipitayo hubadilika, na mchanganyiko huweza kupungukiwa na petroli. Mchanganyiko wa namna hiyo huongeza joto la mwako, huifanya injini isitesite na kupiga risasi bombani, na ukiendelea huweza kuunguza valvu. Fundi anayebadilisha bomba bila kurekebisha kabureta amefanya nusu ya kazi, na mwenye pikipiki atailipia nusu iliyobaki.

Sikio halina kipuri

Kipimo cha desibeli hakijumlishwi kama kilo za mchele. Kila desibeli 10 zinazoongezeka huzidisha ukali wa sauti mara 10, ingawa sikio huihisi kuwa imeongezeka kama maradufu. Desibeli 20, ambazo sailensa ya kawaida huweza kuzizuia, ni mara 100.

Ndani ya sikio imo mifereji iliyojikunja kama konokono, yenye seli za vinyweleo zinazogeuza mtetemo kuwa habari za neva. Kelele kali huzichosha na hatimaye kuziua. Kwa binadamu seli hizo hazioti tena. Wataalamu wa afya ya wafanyakazi hupendekeza kwamba mtu asikae katika desibeli 85 kwa zaidi ya saa 8 kwa siku, na kwamba kila desibeli 3 zikiongezeka muda huo upunguzwe kwa nusu. Basi desibeli 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa 1, 97 ni dakika 30, na 100 ni dakika 15.

Dereva wa pikipiki ya abiria hukaa karibu na bomba lake tangu alfajiri hadi usiku. Akilikata, dakika zake 15 humalizika kabla hajampata abiria wa pili. Upotevu wenyewe huja polepole na bila maumivu. Kwanza hupotea sauti za juu, na mtu huanza kukosa kutofautisha maneno, hasa herufi kama s, f na t. Huanza kuwataka watu warudie walichosema, akidhani kwamba ni wao wasemao chinichini.

Darasa lililo kando ya barabara

Sauti hupungua kwa desibeli 6 kila umbali unapoongezeka maradufu mahali palipo wazi. Desibeli 100 za mita 1 huwa 94 kwa mita 2, 88 kwa mita 4, 82 kwa mita 8 na 76 kwa mita 16. Lifikiriwe darasa la madirisha wazi lililo mita 16 kutoka barabarani. Sauti ya mwalimu kwa mwanafunzi aliyekaa nyuma ni kama desibeli 60. Pikipiki isiyo na sailensa inapopita, ukali wa kelele yake ni kama mara 40 ya ule wa sauti ya mwalimu, na sentensi iliyokuwa ikisemwa imepotea. Pikipiki yenye sailensa ya kupunguza desibeli 20 ingefika hapo na desibeli 56, na mwalimu angeendelea.

Usiku hali huwa mbaya zaidi, na sababu yake ni ya kifizikia. Mchana hewa iliyo karibu na ardhi ina joto kuliko ya juu, na sauti hupinda kuelekea angani. Usiku mtulivu ardhi hupoa, hewa ya chini huwa baridi kuliko ya juu, na sauti hupinda kurudi chini. Katika nchi ya mabonde kama ya Kilosa, mlio ambao mchana ungefia njiani huweza kufika usiku katika nyumba za mbali, kwa mgonjwa na kwa mtoto mchanga.

Wala binadamu si msikilizaji wa pekee. Barabara kuu ya kwenda Iringa na Zambia hupita katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964. Wanyama hutegemea masikio kumsikia adui, kumwita mwenzi na kuwatafuta watoto. Kelele huwafunika masikio kama inavyomfunika mwanafunzi.

Kwa sababu hizo suala hili halikuachwa mikononi mwa adabu peke yake. Tanzania ina Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, na chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 zilitungwa mwaka 2015 kanuni za viwango vya kelele na mitetemo. Mpenda magari anayetaka mlio mkubwa anayo mahali pake: uwanja wa mashindano, kwa saa zilizotangazwa, mbele ya watu waliokuja kuusikia.

Jaribio la darasani

Vifaa: simu mbili, moja ya kutoa sauti na nyingine yenye programu ya kupima desibeli, sanduku dogo, blanketi, vipande viwili vya bomba la plastiki vya kipenyo cha sentimita 2 hadi 3, kopo la urefu wa sentimita 20, pamba au sufi.

1. Weka simu ya kwanza ndani ya sanduku lililozungushiwa blanketi, na utoboe tundu la kupitisha bomba moja. Toa sauti ya hezi 430. Pima desibeli nusu mita kutoka mwisho wa bomba.

2. Toboa kopo pande zote mbili. Unganisha bomba la kwanza upande mmoja na la pili upande mwingine, na uzibe nyufa kwa udongo wa mfinyanzi. Pima tena kwa hezi 430, kisha kwa hezi 860.

3. Jaza kopo pamba au sufi, ukiacha njia katikati. Rudia vipimo vyote.

Katika hewa ya kawaida robo ya urefu wa wimbi la hezi 430 ni sentimita 20, sawa na urefu wa kopo, na nusu ya urefu wa wimbi la hezi 860 ni hizo hizo sentimita 20. Wanafunzi na watabiri kwanza ni sauti ipi itakayozuiwa na ipi itakayopenya, ndipo wapime. Kisha waeleze pamba imebadilisha nini.

Maswali

1. Injini ya mashine ya kusaga yenye silinda moja na mapigo manne inazunguka mara 650 kwa dakika. Inatoa mipwito mingapi kwa sekunde? Kwa nini sikio huweza kuitenganisha?

2. Pikipiki moja inatoa desibeli 90. Pikipiki mbili za namna hiyo zikilia pamoja, kipimo ni desibeli ngapi?

3. Sailensa ina chumba kimoja cha urefu wa sentimita 24, na gesi yake ina kasi ya sauti ya mita 480 kwa sekunde. Ni frikwensi ipi inayozuiwa vizuri zaidi?

4. Fundi anasema: "Nimekata bomba, na sasa injini ina nguvu kwa kuwa inasikika." Andika sentensi tatu za kumjibu kwa heshima, ukitumia tarakimu.

Majibu: (1) Mipwito 5.4 hivi kwa sekunde; ni michache mno kuungana kuwa sauti moja. (2) Desibeli 93, kwa kuwa ukali umeongezeka maradufu. (3) Hezi 500. Swali la nne lina majibu mengi, na lililo bora ni lile litakalomfanya fundi airudishe sailensa mahali pake.